Jagi Lililopakwa Ukutani

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na anayebisha aje kwangu akiwa ameshiba, maana tutakaa sana. Naapa kwa meno yangu yote saba. Kama kuna chumvi humu, basi ilikuwemo tangu mwanzo, mimi sijaongeza.

Walikutana sokoni Jumamosi asubuhi, watu wamebanana hata kuku aliyetoroka kwenye tenga akatokea upande wa pili amenyonyoka. Binti ni mfamasia, mtoto wa jirani yangu. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni jekundu lililomkaa kama limemwagwa juu yake. Alinyoosha mkono achukue nanasi, akakuta mkono mwingine umeshafika.

"Samahani kaka, hilo nimeliona mimi kwanza."

"Umeliona dada, ila hukuliangalia. Njano ya upande huu imechoka. Chukua lile la nyuma."

"Kwani wewe unauza mananasi?"

"Mimi nachanganya rangi, duka la vifaa vya ujenzi pale kona."

"Rangi za nyumba na nanasi wapi na wapi?"

"Jicho ni lile lile. Hata hilo gauni lako naweza kukuchanganyia kopo zima bila kuliangalia mara ya pili." Akamsogezea lile la nyuma. "Ila nitaliangalia tu."

Binti akacheka bila kutaka. Nanasi la nyuma lilikuwa tamu hata nyuki walimsindikiza mpaka mlangoni, na jioni akapita dukani kushukuru. Akamkuta kijana anachovya kidole kwenye kopo, anapaka mstari kwenye kibao cheupe, anarudi hatua nyuma na kufumba jicho moja.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Rangi mbichi huijui mpaka ikauke, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Nimeteleza. Lakini sirudi nyuma."

Hakurudi nyuma kweli, na binti hakumrudisha. Miezi ikapita, simu zikawa za asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Ilipokaribia likizo ya mwisho wa mwaka, mama wa binti akasema huyo kijana aje siku ya sikukuu aonekane na ukoo mzima. Hapo binti akaanza kukosa usingizi, maana mama yake akishasema "huyu simtaki", hata uje na wazee wa dunia nzima harudi nyuma. Wachumba wawili walikwishaondoka kwa mlango ule ule, na huyu wa tatu ndiye binti aliyempenda hasa.

"Njoo na kinywaji cha jagi, kile cha matunda," alimwambia kwenye simu. "Mama anakipenda. Andika: mvinyo mwekundu chupa moja, maji ya machungwa mililita mia mbili..."

"Mililita za nini, malkia wangu? Mimi nitakoroga mpaka jicho liseme basi."

"Usinichezee! Ukoo mzima utakuwepo."

"Ndiyo maana nataka jicho liwepo pia."

Usiku wa kuamkia sikukuu alikata machungwa na matufaha vipande vyembamba, akaongeza nanasi, maji ya pasheni, asali na kijiti cha mdalasini, akamimina mvinyo, akaviacha vilale pamoja kwenye friji. Mchana wake akafika kwa mama mkwe mtarajiwa, shati limenyooka, viatu vinang'aa. Akaenda jikoni, akasalimia kwa adabu zote, akamalizia na soda ya tangawizi na barafu, akalibeba jagi hadi sebuleni. Mashangazi wakanyoosha shingo. Mjomba, tuliyekaa naye kochi moja, akaacha kutafuna.

Sasa, sebule ile ilikuwa imepakwa rangi juzi tu kwa ajili ya sikukuu, nyeupe pee. Kijana akaweka jagi mezani, akaona wekundu wake umepauka kidogo kwa ile soda, akasahau yuko wapi. Akachovya kidole. Akageuka. Akapaka mstari mrefu kwenye ukuta wa watu, akarudi hatua nyuma, akafumba jicho moja.

Kimya kilichofuata, niliwasikia sisimizi wakiulizana kuna nini.

"Umefanya nini?" binti alinong'ona.

"Nangoja ikau..." Ndipo naye akajiona. "Mungu wangu."

"Toka! Toka kabla mama hajaja!"

"Mpenzi, nitafuta sasa hivi..."

"Toka, nimesema!"

Akatoka. Mama akaingia anafuta mikono kwa kanga, akajimiminia glasi, akaonja. Akafumba macho.

"Aliyetengeneza hiki yuko wapi?"

"Nimemfukuza, mama." Machozi yalishamjaa binti. Akaonyesha ukuta. Mama akausogelea mstari ule, akautazama mpaka shangazi mmoja akaanza kumpepea.

Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Marehemu baba yako alikuwa fundi cherehani. Siku ya kwanza kuja kwetu alitoa chaki mfukoni, akanichora mgongoni mbele ya baba yangu, eti gauni langu linavuta. Alisahau kabisa yuko ukweni." Akajifuta macho. "Nilikaa naye miaka yote ile sikujuta. Wewe unafukuza mtu kwa kidole kimoja? Kamlete kabla barafu haijayeyuka!"

Binti akapiga simu. Ikaita jikoni, kando ya chupa ya soda ya tangawizi, kijana alikoisahau. Basi akavua viatu, akakimbia mtaa mzima na lile gauni lake jekundu, hata mbwa wakampisha. Dukani mlango wa chuma ulikuwa umefunguliwa nusu. Akainama, akaingia. Kijana alikuwa amezungukwa na makopo, anatafuta nyeupe ya ukuta wa mama.

"Sijaipata," alisema bila kuinua kichwa. "Nyeupe ni ngumu kuliko zote."

"Iache. Mama hataki ufute."

"Amekasirika sana?"

"Yuko kwenye glasi ya pili."

Kijana akaketi juu ya ndoo, akashusha pumzi iliyopeperusha kadi zote za rangi, kisha akapiga goti.

"Nioe... yaani, nikuoe?"

"Nioe. Lakini kwanza unawe mikono."

Nilikuwa nimeishia hapo, naona raha mwenyewe, ndipo mfamasia akapita kumsalimia mama yake, akaiokota karatasi kibarazani kwangu na kuisoma yote amesimama.

"Babu, gauni lilikuwa la kijani."

"Kumbe?"

"Na sikukimbia, nilipanda pikipiki. Na dukani tulikuwa wawili tu. Wewe tuliyosema uliyajuaje?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Haikusaidia.

Ndiyo maana sasa niko jikoni kwa jirani, sikukuu ni kesho, na nimepewa kisu na matunda ya jagi la ukoo mzima. Yeye amesimama nyuma yangu, mumewe anacheka mlangoni.

"Vyembamba zaidi, babu."

"Mwanangu, nanasi lenyewe kubwa kama..."

"Babu!"

"Kama nanasi," nikasema, nikaendelea kukata.