Doa la Nyuma ya Sikio

Inspekta alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha marehemu, viatu viko sakafuni, na muuguzi wa wodi ya moyo akimdondoshea maji kwa kijiko pembeni mwa mdomo. Kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa. Maji yalishuka kidevuni, yakalowesha kola ya shati.

"Sasa kishushe mpaka kilale kabisa," alisema Inspekta. "Urudie."

Safari hii maji yalipita shavuni, yakazunguka nyuma ya sikio.

Pembeni alisimama mtoto mkubwa wa marehemu, amekunja uso. Yeye ndiye aliyepeleka kituoni mto wa baba yake kuwa ushahidi. Ulikuwa na doa moja tu, pale nyuma ya sikio. Kwake hilo lilikuwa doa la supu ya shemeji yake, mke wa mdogo wake, aliyekuja Jumanne mchana na chupa ya supu wakati mzee alikuwa akilishwa kwa mpira wa puani tu. Jioni ile mzee alianza kuhema na kuchemka homa, akahamishiwa chumba cha mahututi. Ijumaa akafa. Daktari aliwaambia kwamba chakula kiliingia mapafuni kikaleta nimonia. Waliposikia chakula, wote wakamgeukia mwenye chupa. Tangu siku ya mazishi alikuwa mahabusu, na mwanawe anayenyonya amebaki kwa jirani.

"Afande, muuaji unaye, wewe unacheza na maji," alisema yule mwana.

Inspekta aliinuka, akatoa ule mto kwenye mfuko. "Nusa."

Alinusa kwa shingo upande. Harufu ilikuwa ya maziwa yaliyochacha. Supu ingeacha mafuta na rangi. Doa hili lilikuwa jeupe, limekauka kama chokaa.

"Shemeji yako alileta maziwa?"

"Supu," alijibu, kwa sauti iliyopungua.

Muuguzi aliweka kijiko chini. Maziwa ni ya wodi, alisema. Ndiyo wanayoyaita chakula humu. Supu aliizuia yeye mwenyewe mlangoni, na yule mama akarudi nayo bila ubishi. Yeye muuguzi alimpa mzee maziwa kwa mpira, kitanda kimeinuliwa. Moyo ukichoka sana, alieleza, mwili wote hulegea, hata koo. Ukimlaza mtu wa namna hiyo chali na tumbo limejaa, maziwa hurudi juu, kisha huteremkia mapafuni.

"Nani alikilaza kitanda?"

Muuguzi akatazama mlango. Mkurugenzi wa hospitali, aliyeitwa tangu asubuhi, ndiyo kwanza anaingia, marashi yametangulia.

Inspekta alimpa kiti, akamuuliza taratibu kuhusu Jumanne. Mkurugenzi alisema siku nzima alikuwa ofisini na wageni, wodini hakukanyaga. Wamuulize muuguzi anavyolisha watu.

"Labda mzee aliteseka na hakuna aliyemwona," alisema Inspekta.

"Haiwezekani. Alikuwa ametulia tuli. Hakukohoa hata mara moja muda wote tuliosimama pale."

Muuguzi aliinua kichwa.

"Kumbe mlisimama," alisema Inspekta.

Muuguzi hakungoja kuulizwa tena. "Wageni wake ni wafadhili, walikuja kutuahidi jengo jipya. Mkurugenzi akaamuru vitanda vyote vilazwe, shuka zivutwe. Nikamwambia wagonjwa wametoka kula. Akasema hapigi picha wodi yenye vitanda vya kupanda na kushuka kama mawimbi. Wageni wakachelewa. Nikashika mpini wa kitanda nimwinue mzee, akaniondoa mkono. Akasema nikitoa siri, kazi sina."

"Ilikuwa picha tu," alisema mkurugenzi. "Lile jengo lingeokoa watu wangapi?"

Inspekta alipokasirika sauti yake ilishuka. "Hakukohoa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukohoa. Alizama mbele ya macho yako, wewe unanyoosha shuka. Halafu ukasikia mama anayenyonyesha amefungwa kwa kosa lako, ukanyamaza, jengo lisikuponyoke."

Mkurugenzi alisema haandiki maelezo bila wakili. Inspekta akamwambia aje naye kesho, akapiga simu kituoni mahabusu aachiwe.

Yule mwana alikuwa bado amesimama. "Nitamwambia nini shemeji?"

"Ulimwita muuaji mbele ya ukoo mzima. Waite walewale."

Alitoka bila kuaga.

Inspekta aliuliza wengine waliolazwa chali siku ile wanaendeleaje. Muuguzi akaonyesha kitanda cha pili: homa tangu Jumatano. Mgonjwa alimwona Inspekta, akajaribu kusema, pumzi ikamkatikia kwenye neno la kwanza.

"Pumzika, baba," alisema Inspekta, akivuta kiti kando ya kitanda. "Maelezo yako tutayachukua kesho."