Usimrudishe Majini

Kila asubuhi mke wa Fundi huwasha kompresa. Mashine hiyo iko kwenye banda la bati, pembeni mwa gati. Ikianza kunguruma, watu wa ofisi ya jirani hufunga madirisha. Yeye hajali. Zamani alikuwa akijaza hewa mitungi ya wazamiaji wawili: mume wake na mdogo wake wa kiume.

Mdogo wake huitwa Nanga, kwa sababu alikuwa akiruka majini anazama moja kwa moja. Yeye na Fundi walikuwa wakikwangua uchafu chini ya meli. Pia walikata kamba zilizojiviringisha kwenye propela.

Siku moja walikaa chini muda mrefu kuliko kawaida. Kazi ilikuwa ngumu, na walitaka kuimaliza. Walipopanda, Nanga alianza kusugua goti.

"Vipi, shemeji?" Fundi aliuliza.

"Goti linauma. Na mguu wote unachomachoma, kama nimekalia siafu."

"Uzee umekuwahi," Fundi alicheka. "Rudi chini kidogo, maumivu yataisha. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia."

Nanga akarudi majini. Kweli, maumivu yakapungua. Lakini alipopanda tena, mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Akaanguka gatini, mbele ya dada yake.

Wakamkanda kwa maji ya moto. Wakamlaza nyumbani, wakitumaini usingizi utamponya. Walipomfikisha hospitali kesho yake, daktari alisema wamechelewa. Nanga alitibiwa kwa wiki nyingi. Aliweza kutembea tena, lakini kwa mkongojo. Kazi ya kuzamia ikawa basi.

Dada yake hakutulia. Alikwenda kwa muuguzi wa zahanati ya bandari, mama mmoja aliyezoea kuwatibu wazamiaji. Alimwambia, "Nataka kujua tulikosea wapi. Mume wangu bado anashuka kila siku."

Muuguzi alikuja bandani mwenyewe kuwafundisha, amebeba begi na mtungi mdogo.

"Huo ni wa nini?" Fundi aliuliza.

"Ni wa oksijeni, kaka."

"Mimi ninayo tele!" Fundi akagonga mtungi wake wa kuzamia. "Hii hapa."

"Hapana. Hiyo ni hewa ya kawaida. Sehemu kubwa ya hewa ni gesi nyingine, naitrojeni. Mkiwa chini, maji yanawabana, na gesi hiyo inaingia mwilini kwa wingi. Mkipanda taratibu, inatoka kwa pumzi. Mkikaa chini kupita kiasi, au mkipanda mbio, inatoa mapovu ndani ya mwili. Umewahi kufungua soda iliyotikiswa?"

"Ilinirukia usoni."

"Basi ndiyo hiyo. Mapovu yakikaa kwenye goti, goti linauma. Yakifika kwenye uti wa mgongo, mguu unakufa ganzi. Oksijeni safi inasaidia kuitoa gesi ile. Pia inalisha sehemu za mwili zilizokosa damu ya kutosha. Lakini ni huduma ya kwanza tu. Hospitali lazima."

Fundi aliuweka mtungi wake chini. "Na kumrudisha mtu chini?"

"Usimrudishe majini kamwe. Akizimia huko, nani atamwokoa?"

Fundi akamtazama Nanga, aliyekaa pembeni na mkongojo wake.

"Shemeji, hatukujua," Nanga alisema. "Dada muuguzi, endelea. Nani awe mgonjwa wa mazoezi? Mimi nina uzoefu."

Akalala chali kwenye mkeka. Fundi aliponyoosha mkono kushika mtungi, muuguzi alimzuia.

"Mikono hiyo ina grisi. Kanawe kwa sabuni. Oksijeni ikikutana na mafuta, moto unaweza kuwaka. Sigara na jiko pia viwe mbali."

Wakajifunza kufungua mtungi, kuona kama oksijeni inatoka, na kumvalisha mgonjwa barakoa ibane vizuri usoni. Wakajifunza kumlaza, na kuita msaada mara moja. Wakafanya mazoezi ya kumsaidia mtu aliyeacha kupumua. Walirudia mpaka Nanga akakoroma kweli mkekani.

Muuguzi akawaachia mtungi ule wa oksijeni. Miezi ikapita. Fundi alikuwa chini ya meli ya mizigo, na mzamiaji mpya, pale mpira wake wa hewa ulipochanika. Alipanda mbio.

"Niko sawa," alisema, akikaa gatini. "Nipe maji tu."

Mke wake akampa kikombe. Kikamponyoka mkononi. Akajaribu kukiokota, vidole vikakataa.

"Lala chini, Baba Watoto."

"Nimechoka tu."

"Nimesema lala!"

Akamvalisha barakoa ya oksijeni. Nanga alikuwa tayari kwenye simu, akiita gari la wagonjwa na kueleza kwamba ni mzamiaji. Baharia mmoja akasogea kutazama, sigara mdomoni.

"Ondoka na moto wako!" Nanga alimpigia kelele. Baharia akarudi nyuma kama amefukuzwa na mbwa.

Baada ya muda vidole vya Fundi vilianza kukunjika. Akaivuta barakoa. "Nimepona. Mwambieni dereva wa gari asije."

Mke wake akairudisha usoni pake. "Umepata nafuu. Kupona atasema daktari."

Hakuitoa mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa walipompokea kwa oksijeni yao. Hospitali kubwa ilimtibu katika chumba maalumu chenye shinikizo la hewa. Daktari alisema oksijeni ya mapema ilimsaidia sana. Fundi alirudi nyumbani kwa miguu yake, mikono yake mizima. Alipumzika mpaka daktari alipomruhusu kuzamia tena.

Siku hizi wazamiaji wa gati zima wamefundishwa na muuguzi, na Nanga ndiye msaidizi wake.

Juzi nahodha mmoja alikuja bandani na haraka zake. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umepelekwa kujazwa, na Fundi akamwomba asubiri.

"Meli yangu inachelewa," alilalamika. "Shuka tu, huo mtungi utakuja baadaye."

Fundi akavua mapezi yake ya mpira, akakaa juu ya ndoo.

"Sawa, nahodha," alisema. "Na mimi nitashuka baadaye."