Mwezi Mweusi Ubavuni mwa Malkia

Kibanda kilikuwa kitupu. Mlango wa wavu ulikuwa umefungwa vizuri, komeo mahali pake, na maziwa hayajaguswa. Malkia hakuwemo.

Inspekta Ritha Kingu alichuchumaa, akalichunguza blanketi la paka. Nywele nyeupe chache. Hakuna damu, hakuna waya uliokatwa. Upepo wa Juni, ule wa Singida unaouma masikio, ulikuwa ukipita uani bila hodi.

“Shikamoo, Bi Anifa. Mara ya mwisho ulimwona lini?”

“Marahaba. Jana magharibi. Leo alikuwa aozwe, mwanangu. Bwana harusi huyo hapo.”

Bi Anifa, mjane mwenye duka la bidhaa za nje karibu na soko, alionyesha kikapu kwa kidevu. Ndani yake alikaa dume mwembamba, uso umechongoka kama patasi, masikio makubwa kama ya popo. Alilia kwa sauti ya mtoto aliyebanwa tumbo.

“Nimemwagiza Nairobi. Huyu ndiye paka wa Siamu wa kisasa. Wangu walikuwa na vichwa vya mviringo, wa kizamani. Wateja wa siku hizi wanataka huu uso.”

Ritha aliijua habari ya paka wale. Marehemu mume wa Bi Anifa, Mzee Abdulhamidi, alipewa jozi na Mzungu wa reli kule Manyoni, akaizalisha maisha yake yote. Watu walitoka hadi Dodoma kuomba mtoto mmoja. Miili myeupe kama maziwa. Uso, masikio, miguu na mkia kama vimechovywa kwenye kahawa. Macho ya buluu. Sasa ukoo wote ulikuwa umebaki kwa jike mmoja.

“Ana alama yoyote?”

“Ana hina ubavuni. Tulipompamba bibi harusi wa jirani, iliyobaki nikamchorea mwezi mwandamo. Ndiyo kawaida yangu, asichanganywe na paka wengine.”

Mlango wa mbele uligongwa, akaingia Mrisho, shemeji yake Bi Anifa, mzee wa kanzu safi, kinyozi wa mjini. Alikuwa ametoka kwenye akika kunyoa mtoto mchanga. Wembe wake ulikuwa bado umefungwa kwenye kitambaa.

“Kweli kaibiwa?” aliuliza, akakaa bila kuambiwa.

Kabla hajajibiwa, Koplo Simeoni alifika akihema.

“Afande, mtuhumiwa tumemkamata. Yule msichana wa kazi, Chiku. Tumemkuta sokoni akinunua vitunguu.”

“Nani kakuagiza umkamate?”

“Afande, majirani hawakusikia paka akilia. Wa aina hii akishikwa na mgeni, mtaa mzima unaamka. Basi aliyemchukua anamjua. Na ufunguo wa uani anao Chiku.”

Hoja haikuwa mbaya. Ritha alichukia tu jinsi ilivyokuja, ikiwa imekwisha kufungwa pingu.

*

“Jina?” Ritha aliuliza kesho yake kituoni.

“Chiku binti Hamisi. Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Paka yuko wapi?”

“Sijui.”

“Ulimpenda?”

“Alikuwa akilala miguuni kwangu. Yule dume wa Nairobi ndiye simpendi. Ana sura ya panya aliyefiwa.”

Koplo Simeoni alicheka, akajikohoza.

“Kwa hiyo ulimficha, asiozwe naye?”

“Mimi? Afande, mimi mwenyewe naolewa. Mama yake Luqmani alikuwa alete posa Ijumaa. Anauza alizeti palepale sokoni. Kaniona nikisukumwa kwenye Landrova, watu wakipiga kelele mwizi, mwizi. Asubuhi hii kaleta salamu. Anasema wao ni watu wa heshima, watangoja kwanza kesi iishe.”

Ritha aliweka kalamu chini. Mjini walikuwa wakimcheka tayari: inspekta mzima na jalada la paka! Lakini kilichoibiwa siku ile hakikuwa paka peke yake.

“Utatoka kwa dhamana,” alisema. “Nitamtafuta huyo paka hata kama kaingia shimoni.”

*

Alimtafuta kama mnunuzi. Alivua sare, akavaa khanga, akapita kwenye minada akisema anataka paka wa Siamu, wa zamani, wa kichwa cha mviringo. Watu walimletea kila chenye mkia. Bwana mmoja alimletea paka wa kawaida aliyepakwa masizi usoni.

“Huyu ni wa Siamu kabisa, mama.”

“Mbona uso umebaki kwenye mikono yako?”

Majuma yalipita. Mwishoni mwa Julai, kwenye mnada wa Mtinko, mama muuza kuku alimwelekeza kwa Anastazia, mtunza ghala la mtama la parokia. Huyo alipokea paka wote waliotupwa, akawalisha, nao wakamlindia nafaka dhidi ya panya.

“Ninaye wa macho ya buluu,” alisema Anastazia. “Lakini simtoi. Aliletwa na dereva wa lori, kwenye kapu. Kaambiwa aniambie nimtunze mpaka apatikane dume wa sura yake. Dume mwingine asimkaribie.”

“Nani alimtuma?”

“Dereva hakusema, nami sikuuliza. Watu huona aibu kutupa paka. Lakini huyu hakutupwa, dada. Huyu alikabidhiwa.”

Paka alikuja mwenyewe, akapiga ukelele mmoja mrefu. Kichwa cha mviringo. Ubavuni, katikati ya weupe, palikuwa na doa la kahawia iliyokolea.

Ritha alijitambulisha, akaandika hati ya kukabidhiwa kielelezo, akampakia paka garini.

*

“Siye,” alisema Bi Anifa kituoni. Alitaka kulia. “Sura ni yake, lakini wangu ubavu ulikuwa mweupe na hina nyekundu juu. Hina haigeuki kuwa manyoya meusi, mwanangu.”

Paka alijisugua kwenye gauni lake.

“Mbona yeye anamjua, afande—” alianza Koplo Simeoni.

“Paka hali kiapo, Koplo. Niitie Daktari Andrea.”

Daktari wa mifugo alimlaza paka mezani, akapuliza manyoya, akapitisha kidole polepole.

“Hakuzaliwa na doa hili,” alisema. “Rangi ya paka hawa huletwa na baridi. Mwilini penye joto manyoya huwa meupe. Masikioni na mkiani penye baridi, huwa meusi. Ukimnyoa mahali na upepo wa kipupwe ukampiga, ngozi hupoa, manyoya mapya yanaota meusi. Akija kupukutisha, weupe utarudi.”

Ritha alisogea. Lile halikuwa doa tu. Lilikuwa na pembe mbili nyembamba na mgongo uliopinda. Mwezi mwandamo.

“Mtu kanyoa hina,” alisema polepole. “Kanyoa hina tu, bila kuvuka mstari. Angenyoa ubavu wote nisingeona kitu.”

Bi Anifa alishika mdomo. “Malkia wangu!”

“Daktari, ni mkasi?”

“Wembe. Na hakuna kovu hata la unywele. Paka hatulii, Inspekta. Mimi mwenyewe ningemchoma sindano ya usingizi kwanza.”

Nani mjini hunyoa kiumbe kinachofurukuta bila kukichubua? Ritha aliukumbuka wembe uliofungwa kwenye kitambaa, akachukua kofia yake.

*

Mrisho alikuwa kibarazani kwake, ananoa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Za upelelezi?”

“Njema. Malkia kapatikana Mtinko.”

Jiwe la kunolea lilisimama. “Alhamdulillahi. Mzima?”

“Mzima, ila kanyolewa na mtu mzembe. Kamchanachana ubavu kama analima tuta.”

“Mwongo aliyekwambia!” Mrisho alisimama. “Hakuchanwa! Hata tone la damu halikutoka!”

Jogoo aliwika mahali fulani.

“Umejuaje, mzee?”

Mrisho aliketi tena, taratibu, kama mtu anayeshushwa na wengine. Ritha alimwonya kisheria kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kuwa ushahidi.

“Andika,” alisema. “Nilimchukua alfajiri, nikamnyoa hina asitambulike, nikampa dereva wa lori ampeleke Mtinko. Ufunguo wa kaka ninao tangu alipofariki. Kaka alinishika mkono huu akaniambia, Mrisho, mali gawaneni, lakini hawa paka usiache waharibiwe. Sikujibu kwa maneno. Nilimfumba macho, hilo ndilo lilikuwa jibu. Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Redio za nje, viatu vya nje, sawa, tulikuwa tunatembea peku. Sasa hata uso wa paka uagizwe? Shemeji nilimsihi, akanicheka. Akizaa na yule mchongoka, sura ya kaka yangu imekwisha.”

“Na Chiku?”

Mzee aliinamisha kichwa.

“Nilidhani hakuna polisi atakayefungua jalada kwa ajili ya paka. Alipokamatwa, nikasema nitasema kesho. Kila kesho ilikuwa nzito kuliko ya jana yake.”

*

Kituoni, Bi Anifa alisikiliza yote akiwa amempakata Malkia, Mrisho ameketi mbele yake. Alilia kidogo, kwa ajili ya mumewe. Kisha akapangusa macho.

“Inspekta, nafuta mashtaka. Dume atarudi Nairobi. Haya ni mambo ya nyumbani, tuyamalize nyumbani. Chiku, mwanangu, rudi kazini.”

Chiku alikuwa mlangoni. Hakusogea.

“Mimi sikukamatwa nyumbani,” alisema. “Baba Mrisho, shikamoo yako naitoa, umri ni umri. Paka umemlindia ukoo wake. Mimi nani alinilindia wangu?”

Ritha alisimama, akafungua mlango.

“Jalada halifungwi mezani kwangu leo,” alisema. “Twende lilikofunguliwa.”

Walikwenda kwa miguu mpaka sokoni, mzee mbele, bila pingu. Wauza vitunguu walianza kugeuka. Kwenye magunia ya alizeti, mama yake Luqmani aliacha kupima, mkono ukabaki hewani.

Mrisho alivua kofia. Alianza kusema, akitazama vidole vya miguu yake, kwa sauti ya mtu anayesali peke yake.

“Sauti, baba,” alisema Chiku. “Waliponiita mwizi hawakunong'ona.”

Mzee akainua uso, akavuta pumzi, akaanza upya.