Waridi la Mama na Maji ya Ndoo

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa mama mdogo, muuza maua, nikavaa aproni iliyonifika miguuni. Kazi yangu ilikuwa ndoo. Nilimwaga maji ya jana, nikakata ncha za mashina, kisha nikachanganya kinywaji: maji safi, kijiko cha sukari, ndimu kidogo, na matone mawili ya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasioze. Maua yaliyolegea yaliinua vichwa. Nilijiona daktari kamili.

Watu waliniita Chiriku kwa sababu nilikuwa sifungi mdomo. Lakini tangu mama yangu afariki kwa maradhi, miezi mitatu nyuma, maneno yalinikauka. Mama mdogo, mdogo wake mama, alinichukua tukaishi chumba cha nyuma ya duka. Nilikuja na begi la nguo na kopo la rangi lenye waridi alilolipanda mama mwenyewe. Nililiweka dirishani, karibu na kitanda. Lilikuwa na tumba moja.

Siku moja jani likageuka manjano. Nikadhani waridi linakufa. Nikafanya nilichokijua: nikalimwagia kinywaji cha ndoo. Kesho yake nikaongeza, sukari vijiko viwili. Sisimizi wakapanda kopo, udongo ukanuka uchachu, majani yakazidi kupukutika.

"Chiriku, mgonjwa wako wa dirishani hajambo?" mama mdogo alinitania.

"Hajambo," nilijibu, nikavuta pazia.

Mwishowe nilichota konzi nzima ya mbolea ya dukani nikaimwaga shinani. Baada ya siku mbili shina likaanza kuwa jeusi kutoka chini.

Jumamosi asubuhi mama mdogo alifungua pazia. Nikaangua kilio. "Nimemuua mama mara ya pili!"

Hakunigombeza. Aliketi sakafuni, akaung'oa mmea taratibu. Mizizi ilikuwa laini, inanuka.

"Umelimwagia nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote.

"Ua la ndoo limekatwa," alisema. "Halina mizizi. Tunalitilia sukari limalizie siku zake vizuri, basi. Lakini mmea wenye mizizi hujipikia chakula wenyewe kwa majani na jua. Sukari ukiimwaga kwenye udongo, unalisha ukungu, na mizizi inaoza. Mbolea nayo hutiwa kidogo, tena kwa mmea wenye afya. Ukiumwagia mmea mgonjwa konzi nzima, unauunguza."

"Na lile jani la manjano?"

"Lilikuwa limezeeka tu. Lingeanguka lenyewe."

Hilo liliniuma kuliko yote.

Mama mdogo alikwangua matawi kwa ukucha, moja baada ya jingine. Yote makavu, ila moja. Lile la juu, lenye tumba, lilikuwa bado kijani ndani. Akalikata tumba, akanipa. "Hili sasa ndilo la ndoo. Lipe kinywaji chako." Kijiti kilichobaki akakipanda kwenye mchanga. "Hiki maji matupu. Sukari usikionyeshe hata kwa mbali!"

Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Tumba lilichanua Jumanne. Siku ya sita petali zikaanguka mezani, na nikalia upya.

"Mama naye alikuwa kama ua la ndoo?" niliuliza. "Ulimpa kila kitu, lakini akaondoka."

Mama mdogo alifuta macho kwa pindo la aproni. "Ndiyo. Tulimtunza amalizie siku zake bila maumivu makali. Hakuna aliyekosea, Chiriku. Wala wewe hukukosea kwa kupenda. Ulikosea kwa kunificha. Ungeniambia siku ya kwanza, waridi lingekuwa hai. Na wewe una mizizi bado. Siwezi kukuponya kwa pipi. Unahitaji muda, na unahitaji kusema. Ukiwa na shida, niambie siku hiyohiyo."

Wiki zikapita, kijiti kikiwa vilevile. Nilikinywesha maji tu, nikangoja, na kungoja kulinitesa. Kisha asubuhi moja niliona kichipukizi chekundu, kidogo sana, ubavuni mwake.

Mkono wangu ulitaka kukipa kitu, chochote. Niliuzuia.

"Mama mdogo!" niliita kwa sauti yangu yote. "Mama mdogo, njoo uone!"