Jovitha Alitubu Kosa Langu

"Mama, mimi ndiye niliyezipoteza picha za mzee. Nisameheni..."

Jovitha aliyasema hayo mbele ya wafiwa, katikati ya studio, mikono kaiweka nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, soda mkononi, nikijua hajapoteza hata picha moja.

Ndugu zangu, kabla hamjashuka kwenye maoni kunitukana, vumilieni kidogo. Mkishajua yote mtanitukana vizuri zaidi.

Naitwa Derick. Kwetu ni Biharamulo mjini, kazi yangu kuandika programu za kompyuta na simu. Ngara nilifuata kazi kwa Mama Priscila, mwenye studio ya picha za harusi na sendoff. Mpiga picha wake alikuwa Jovitha, binti wa Nyantakara, mtu wa watu, anaweza kumchekesha hata mjomba aliyenuna kwa kukosa nyama.

Mimi niliwatengenezea programu. Jovitha akipiga picha kijijini, zinahamia kwenye tableti, zinapanda mtandaoni kwenye stoo ya kampuni moja ya nje, na wageni wanaziona kwenye simu zao kabla hata wali haujapoa. Kuziona tu, kuzihifadhi hawawezi.

Watu wakaanza kuniita injinia. Nikaumuka kama andazi.

Sasa hapa nisikilizeni polepole, maana ndipo nilipoharibu.

Ile stoo ya mtandaoni ina funguo. Upo ufunguo mkuu. Mwenye huo anaweka, anachukua, anafuta, na ufunguo wenyewe haufi. Halafu zipo funguo za muda. Programu inaziomba inapotaka kufanya kazi, inapewa, zinaishi lisaa limoja. Zinaruhusu kuweka picha tu, kufuta haziwezi. Muda ukiisha zinakufa zenyewe. Hata mwizi akiziokota, ameokota ganda la karanga.

Programu yangu ilikuwa inaomba funguo za muda. Kistaarabu kabisa.

Mpaka siku ya sendoff ya Anneth, Bukiriro.

Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani Biharamulo, nimekaa na sahani ya sato. Simu ikaita.

"Kaka Derick, picha hazipandi."

"Mtandao upo?"

"Upo. Inaniandikia funguo zimekwisha muda. Naomba nyingine, nazo zinakuja zimekwisha muda."

"Umegusa nini wewe?"

"Sijagusa kitu... labda saa. Tableti ilishika mnara wa Burundi, ikarudi nyuma lisaa limoja. Nikaisogeza mbele kwa mkono, kama tunavyofanya huku siku zote."

Wa mpakani mnanielewa. Wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mnara wao inafuata saa yao, na wewe unaisogeza mbele ili usikose misa. Kwa macho saa inakuwa sawa. Lakini ndani tableti bado inajijua iko Burundi, kwa hiyo inajiona imetangulia lisaa zima. Funguo za lisaa limoja zikifika, yenyewe inaziona zimeshakufa njiani.

Jibu lilikuwa sentensi moja tu: "Rudisha saa ijipange yenyewe."

Jovitha alikuwa ameshanipa kila kitu. Mimi nilikuwa natoa mwiba mdomoni.

Nyuma yake nikamsikia MC anawatangazia wageni kwamba injinia wetu amelala. Wakacheka.

Hapo ndipo kiburi kilipopanda. Nikafungua laptop, nikafuta ile sehemu ya kuomba funguo za muda, nikaandika ufunguo mkuu humohumo ndani ya programu. Nikamtumia Jovitha hiyo mpya.

Picha zikapanda zote. Nikajiambia ufunguo nitautoa kesho.

Niliziona kwenye simu yangu. Mzee Telesfori, baba yake Anneth, anacheza na binti yake, koti kalitupia begani, anacheka mpaka macho yamefumba...

Kesho ikaja. Ikapita. Nyingine nayo ikapita.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Nikaiweka ile programu mtandaoni, kwenye uwanja ambao waandishi wa programu wanaonyeshana kazi zao, ili jamaa wa Dar wajue na Ngara kuna vichwa. Niliiweka nzima, na ufunguo mkuu ndani yake.

Mtu akauona. Ni nani, yuko nchi gani, sitajua maisha yangu yote. Asubuhi moja tukafungua stoo, tukakuta peupe. Sendoff, harusi, ubatizo, vyote vimefutwa.

Na kadi za kamera? Utaratibu wetu ulikuwa picha zikishapanda, kadi inafutwa, inakwenda kwenye shughuli nyingine.

Wiki hiyohiyo Mzee Telesfori akafariki.

Mkewe, Mama Theodosia, akaja studio na ndugu zake. Walitaka ile picha ya mzee akicheza, iwekwe mbele siku ya maziko. Ndipo Jovitha akasema yale mliyoyasikia mwanzo.

"Umezipotezaje?" Mama Priscila akamuuliza.

"Nilichezea saa ya tableti kule Bukiriro. Tangu siku ile mambo hayakukaa sawa. Nadhani ndiyo iliyozifuta."

Alikuwa anaamini kabisa, jamani. Hakuwa anamkinga mtu.

Mama Priscila akanigeukia.

"Derick, wewe ndiye mtaalamu. Saa inaweza kufuta picha?"

Studio nzima ikanitazama. Nikaitazama soda yangu.

"Inawezekana..." nikasema. "Hivi vitu vina mambo yake."

Basi.

Jovitha akavua kamera shingoni, akaiweka mezani taratibu. Akipita karibu yangu kutoka nje akaninong'oneza.

"Asante kaka, hukunigombeza mbele za watu."

Angenipiga kofi ningelala. Ile asante ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mzee Telesfori akazikwa na picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, amekunja uso kama anadai maelezo.

Mimi nikarudi kwenye laptop. Nikautoa ufunguo mkuu, nikaufuta kabisa, nikarudisha funguo za muda. Ile shida ya saa nikaitatua kabla chai haijapoa. Ndipo nikaumia zaidi, maana nilimwuza mtu kwa kazi ya chai moja.

Siku zikaenda. Watu wananitania, nacheka, nikibaki peke yangu namwona Jovitha anavua kamera. Mwisho nikapanda gari mpaka Nyantakara.

Nilimkuta na mama yake wanamenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Wewe ndiye yule kaka wa kompyuta? Binti amekusifia."

Nilitamani nirudi kwenye gari.

Nikamweleza Jovitha yote. Sato, ufunguo mkuu, sifa za Dar, yote. Hakunikatiza. Kisu kikabaki kwenye muhogo.

"Kwa hiyo saa haifuti picha?"

"Haifuti."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Jovitha."

"Mimi hata simu ya mama naogopa kuitegea saa ya kuamka..."

Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Twende Ngara. Kayaseme hayo mbele ya Mama Priscila, nisikie."

Tukaenda. Nilimkuta Mama Priscila anakata picha za pasipoti. Nikaongea yote tena. Mkasi haukusimama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua... nini, mama?"

"Kwamba ni wewe. Unaongea wewe mpaka wateja wanaomba unyamaze. Siku nakuuliza jambo la kompyuta, kazi unayojisifia nayo kila saa, ukaangalia chupa. Ningekosaje kujua?"

"Sasa kwa nini uliacha Jovitha aondoke?"

"Wafiwa walitaka mtu wa kuwajibika. Wapiga picha hapa mjini wamejaa. Wa kuandika programu ninaye mmoja."

Jovitha alikuwa mlangoni, anasikia kila neno. Mama ndipo alipomwona.

"Jovitha... rudi kazini mwanangu. Kesho kuna kipaimara."

"Hapana, mama. Nilitaka tu kusikia kwamba sikuzifuta."

Akaondoka. Mimi pia niliacha kazi siku hiyo, ingawa mwenzangu aliondoka msafi, mimi niliondoka tu.

Ikabaki Bukiriro, kwa wafiwa.

Mama Theodosia alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Picha zinarudi?"

"Hazirudi, mama."

Akaniuliza.

"Unajua Jovitha alikaa hapa kwangu msiba mzima? Alichota maji, akaosha masufuria, akalala chini na wanangu. Nikamwambia, binti, nenda kwenu. Akasema hawezi kuondoka hivihivi baada ya alichotufanyia."

Sikujua.

"Na wewe ulikuja msibani?"

"Nilikuja, mama."

"Ulifanya nini?"

"Nilikaa... nikala, nikaondoka."

Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alininyooshea kidole upande wa barabarani.

"Majirani zangu hawa wote walimsema yule binti. Wapo waliokataa hata kupokea maji aliyochota. Anza nyumba ile yenye bati jipya. Useme kama ulivyonieleza mimi, usipunguze."

Nikaanza. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kuna mzee alinisikiliza, kisha akamwita mkewe nirudie tangu mwanzo, maana alikuwa jikoni. Nikarudia.

Lakini wengine waliokuwa msibani wameshatawanyika. Wako Kabanga, wako Biharamulo, wako Mwanza, na yale maneno wameondoka nayo. Siwezi kuwafikia kwa miguu.

Wadogo zangu mnaoandika programu, ombeni funguo za muda, na ufunguo mkuu msiuandike ndani ya kazi yenu hata kama MC anawacheka. Na mkiulizwa jambo mnalolijua wenyewe, jibuni wakati mtu bado ana kamera shingoni, maana akishaivua mtazunguka sana.

Kama ulikuwa Bukiriro kwenye msiba wa Mzee Telesfori, au umesimuliwa na aliyekuwepo, hii ndiyo hodi yangu kwako.

Jovitha hakufuta picha. Ni mimi.