Nilibandika Plasta Mpya Juu ya Ufa

Nina miaka hamsini na mitatu. Naishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Kitengela, na wapangaji wenzangu wanadhani nimefiwa na mke. Mke wangu yuko hai! Yuko kwao Bungoma, na hataki hata kusikia jina langu...

Miaka ya tisini nilikuwa mkaguzi wa madaraja upande wa Kajiado. Nilipanga nyumba karibu na Bisil pamoja na mke wangu Rose na binti yetu Nafula. Kazi niliijua. Daraja halianguki kwa siku moja, ndugu zangu. Huanza na saruji kubambuka, nondo zikachungulia na kushika kutu, nyufa zikafuata. Lakini muuaji mkubwa hukaa chini, pale maji yanapokula udongo ulioshika mguu wa nguzo.

Katika mto mmoja wa msimu, kilichokula udongo hakikuwa maji. Alikuwa Wafula, ndugu yangu wa tumbo moja! Nilimleta mwenyewe kutoka nyumbani akiwa hana kazi. Akaanza kuchimba mchanga wa kuuzia wajenzi, na mchanga mzuri ulikuwa chini ya daraja. Kila nikimkemea, alinikumbusha kwamba marehemu mama alimwacha mikononi mwangu. Nikamwacha achimbe.

Ufa ukatokea kwenye nguzo. Sisi wakaguzi hubandika kipande chembamba cha plasta ya jasi juu ya ufa na kuandika tarehe. Kikibaki kizima, ufa umetulia. Kikipasuka, nguzo inasogea, na daraja lifungwe mara moja. Niliporudi baada ya wiki chache, nilikikuta kimepasuka katikati.

Nilikibandua! Nikabandika kingine, nikaandika tarehe ile ile ya kwanza. Nilifanya hivyo mara tatu. Kulifunga daraja kungeleta wakubwa, na wakubwa wangemkuta Wafula shimoni.

Sasa sikieni ubaya wangu. Jioni ile nilipobandua plasta ya kwanza, nilimwambia Rose asivuke pale tena na mtoto, apitie barabara kuu hata kama ni mbali. Alipouliza kwa nini, nilisema kuna wakora.

Jirani yetu Mama Naserian alituletea maziwa tangu Nafula azaliwe. Rose alipougua, ndiye aliyemlea mtoto. Mvua zilipoanza, alinisimamisha langoni asubuhi ya siku ya soko.

"Supa, Baba Nafula. Hiyo daraja iko sawa? Niko na ng'ombe ya kupeleka soko, na naenda na Naserian."

Nilimtazama machoni. "Iko sawa, mama. Pita tu."

Kwa nini sikusema? Ulimi ulikuwa wangu! Nguzo ilizama asubuhi hiyo hiyo wakiwa juu ya daraja, mto ukiwa umefurika. Mwili wa Mama Naserian ulipatikana siku ya pili. Naserian, rika moja na Nafula wangu, hajapatikana mpaka leo...

Wafula aliwahi kwa wakubwa kabla yangu, akasema mimi ndiye niliyemruhusu kuchimba. Hakudanganya. Nilifutwa kazi, nikafungwa. Hayo nilistahili.

Lakini kabla sijakamatwa, tulipotoka mazishini, Rose aliniuliza polepole, "Baba Nafula, ile siku uliniambia nisivuke... ulikuwa unajua?"

Nikaendelea kutembea mbele yake.

"Afadhali ungeniacha nivuke," akasema. Kesho yake aliondoka na mtoto.

Mwaka jana Nafula aliolewa. Nilisikia kwa watu. Aliyesimama mahali pa baba alikuwa Wafula! Wafula yule yule! Nilipotuma mtu kuuliza kwa nini yeye amesamehewa na mimi sijasamehewa, Rose alijibu kwamba Wafula alikuwa mchimba mchanga tu, hakujua maana ya ufa. Mimi nilijua.

Nililia kama mtoto, kwa maana jibu hilo sina pa kulipinga. Wewe unayesoma haya, kama kuna hatari unayowaonya watu wa nyumbani kwako tu, nakusihi, toka nje umwambie na jirani. Mwambie leo, kabla hajakuuliza.