Mashine Isiyosikia "Si"

Kaka yangu aliniletea mwanawe saa kumi na moja na nusu jioni, pamoja na mfuko wa nguo na chupa ya maziwa ambayo haikuguswa.

"Dada, nishikie huyu mpaka asubuhi," alisema. "Nina sare za shule za kumalizia. Na ule wimbo?"

"Nitautengeneza."

"Leo?"

"Nimesema nitautengeneza. Nenda kashone."

Nilimjibu kwa ukali kwa sababu niliogopa. Mtoto, ambaye sote tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake, alikuwa na miaka minne na macho ya mtu mzima aliyekesha msibani. Tangu mama yake afariki, miezi miwili iliyopita, alikuwa halali. Anasinzia robo saa, anashtuka, anakaa kitako, anasikiliza. Chakula hataki. Daktari alikuwa amesema wiki ikiisha hivyo mtoto atalazwa hospitali, na aliyasema hayo akiniangalia mimi, kana kwamba usingizi wa mtoto nilikuwa nimeufungia kabatini.

Mama yake, wifi yangu, alikuwa msusi. Kila jioni alimlaza binti yake kwa wimbo aliojitungia mwenyewe, mistari minne au mitano, na hakuna aliyewahi kuurekodi. Nami ni fundi wa sauti! Nimerekodi matangazo ya sabuni. Nimerekodi kuku. Nimerekodi mtu mzima akitafuna biskuti kwa ajili ya redio. Wimbo wa wifi yangu sikuwahi kuurekodi, hata mara moja, na nikikumbuka hilo najichukia. Na yeye pia nilikuwa nimemkasirikia, kwa kufa kwake, kama vile alifanya makusudi.

Chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fotokopi. Kuta nimezibandika trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi. Nikamkalisha Kidoti kwenye godoro dogo, nikafungua kompyuta.

Kuna programu ya akili mnemba inayotunga muziki. Unaiandikia maelekezo kwenye kisanduku, unabonyeza kitufe cha Tunga, na baada ya dakika moja inakupa nakala mbili za wimbo. Waliotutangazia walisema inajua Kiswahili. Ndiyo, inakijua. Inakijua kama mgeni wa harusi anavyomjua bibi harusi.

Nikaandika: *Wimbo mzuri wa kumlaza mtoto.*

Zikaja tarumbeta.

Nikaandika: *Wimbo wa polepole, wa upole, wa kumlaza mtoto. Bila tarumbeta, bila ngoma.*

Zikaja tarumbeta na ngoma. Sasa zikiwa nyingi zaidi.

*NIMESEMA BILA NGOMA.*

Ngoma tupu. Dakika tatu za ngoma, na Kidoti ameziba masikio. Nilitaka kuitupa kompyuta dirishani. Badala yake nikampigia simu fundi mwenzangu, yule tunayemwita Masikio, ambaye anaitumia programu hiyo kila siku.

"Unakosea, dada yangu," alisema, akicheka. "Hiyo kitu usiiambie usichotaka. Ukisema 'bila ngoma' yenyewe inasikia 'ngoma'. Iambie unachotaka, basi. Kasi ngapi, ala gani, sauti ya nani, inaanzaje, inaishaje. Ieleze kama unamweleza mtu asiyeona."

"Mbona hawakuandika hivyo?"

"Nani anasoma maandishi yao? Halafu acha hasira, inakuharibia kazi."

Nikaacha hasira, au tuseme nikaikalia. Nikaandika upya, kwa utaratibu. Kasi ya mapigo hamsini na nane kwa dakika. Gitaa moja la nyuzi za nailoni, linapigwa kwa kidole gumba. Sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na moja, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo kama aliyetoka kuugua mafua. Anaimba karibu na sikio la mtoto. Amechoka, amesimama tangu asubuhi. Anavuta pumzi kabla ya mstari wa mwisho.

Nakala ya kwanza ilinifanya nikae wima.

Ilikuwa karibu. Si yeye, lakini karibu. Nikaongeza. Anatamka herufi r kama l akiwa na usingizi. Anacheka kidogo kwa pua anapokosea. Kila nilipoongeza jambo, sauti ilisogea hatua moja, na mimi nikazidi kuongeza, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa, huachi mpaka ikae. Nje jua lilikuwa limezama. Sikuwasha taa. Mwanga ulikuwa wa kompyuta tu.

Mara ya saba, wimbo ulipoanza, Kidoti alisimama kwenye godoro.

"Mama," alisema.

Hakusema kwa kilio. Alisema kama mtu anayeitikia.

Ulikuwa ule wimbo. Sauti ile, na maneno yale yale ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau na kwa hiyo sikuyaandika popote. Nililia, siwezi kuficha. Kisha mwanamke akakohoa, kikohozi kidogo kikavu cha wiki zake za mwisho... na hicho pia sikukiandika.

Halafu harufu.

Wasusi wakimaliza kusuka rasta huchoma ncha za nywele kwa kiberiti. Ukiisikia harufu ile mara moja hutaisahau. Chumba kizima kilinuka nywele zilizochomwa.

"Ni waya," nilijiambia. "Waya umeungua." Nikainama kuzikagua soketi zote. Zilikuwa baridi.

Nakala ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaanza yenyewe. Gitaa lile lile, mwanamke yule yule, mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu aliimba: *Uko wapi, wangu?*

Sauti ya mtoto ikajibu, ndani ya wimbo.

*Niko hapa, mama.*

Nilimgeukia Kidoti. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

*Unakuja, wangu?*

*Naja.*

Nikachomoa waya wa spika. Wimbo ukaendelea. Ulitoka wapi sijui, labda kwenye trei za mayai, labda kwenye sakafu. Nikabonyeza kitufe cha kuzima kompyuta, nikakishikilia, nikahesabu mpaka kumi. Kioo hakikuzima. Kisanduku cha maelekezo kilikuwa wazi, kitupu, kinangoja.

Nje, kwenye ukumbi wa saruji, kulikuwa na mtu anatembea kwa ndala. Anazikokota. Kwacha... kwacha... kama mtu aliyesimama tangu asubuhi.

Kidoti alishuka kwenye godoro, akaelekea mlangoni, taratibu, mikono mbele.

"Kidoti. Rudi hapa. Rudi kwa shangazi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na alikuwa na nguvu ambazo mtoto asiyekula hana. Akanivuta. Mimi, mtu mzima, na uzito wangu huu ambao kaka hunitania kila siku, nikaburutwa.

Kitu pekee kilichokuwa kikinisikiliza mle ndani kilikuwa kile kisanduku. Nikanyoosha mkono wa pili nikaandika haraka, bila kufikiri:

*Asimwite mtoto. Asimchukue. Mtoto asiende.*

Tunga.

Dakika moja ni ndefu sana. Ndala zilisimama nje ya mlango. Kisha mwanamke akaanza kuimba, kwa utamu ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu, maneno yangu mwenyewe.

*Amwite mtoto...*

*Amchukue...*

*Mtoto aende...*

Herufi mbili! Herufi mbili tu zilikosekana, "si" na "si" na "si", zimeokotwa kutoka katikati ya kila neno kama mawe kwenye mchele. Masikio alikuwa ameniambia, na mimi kwa papara nimeandika tena nisichotaka, nimeandika kibali kwa mkono wangu. Nilijitukana kwa sauti. Niliitukana mashine. Nilimtukana hata wifi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Umekufa! Mwache mtoto alale!"

Komeo la mlango likasogea. Kidoti hakuwa amelifikia.

Nikavuta pumzi. Andika unachotaka. Nilifuta, nikaandika kwa kidole kimoja, neno moja moja, nikilitazama kila neno kama lina "si" ndani yake:

*Mama anakwenda peke yake. Mtoto anabaki na shangazi yake. Mtoto analala hapa. Asubuhi anaamka, anakula.*

Lile "analala" nililitazama mara mbili. Ndiyo maana nikaongeza "anaamka".

Tunga.

Safari hii gitaa lilikuja peke yake kwanza. Kisha sauti yake, ya chini, imechoka, ikiimba maneno yale kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa. Alipofika kwenye "peke yake" alinyamaza. Nilisikia akivuta pumzi, upande wa pili wa mlango, karibu kabisa na ubao.

Akamaliza mstari.

Ndala zikaondoka. Kwacha... kwacha... mpaka kwenye ngazi, kisha zikashuka. Kidoti akalegea mkononi mwangu. Niliweka sikio kifuani pake mara ishirini. Alikuwa amelala.

Alilala kwa muda wa saa kumi bila kushtuka. Alipoamka alikula mayai mawili na mkate, akaomba tena. Kaka alipofika saa mbili asubuhi akamkuta ana mabaki ya yai kidevuni, akakaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi?

Akambeba, akaaga, akavuka kizingiti.

Mtoto akaacha kupumua.

Siyakuzi mambo. Macho yamegeuka, midomo imebadilika rangi, kifua kimetulia tuli. Nilimpokonya nikarudi naye ndani, na pale pale pumzi ikarudi, akauliza kama kuna mkate uliobaki. Tulijaribu tena mchana. Tulijaribu akiwa amelala, amefunikwa shuka. Daktari alikuja akampima chumbani humu humu, akasema mtoto ana afya kuliko sisi wawili. Akamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni ili atuonyeshe kwamba tunajitia hofu, na akamrudisha mbio.

*Anabaki na shangazi yake.* Sikuandika mpaka lini.

Leo ni siku ya sita. Masikio alikuja, akausikiliza wimbo wa mwisho kwa vipokea sauti vyake vizuri, akavivua akanitazama kwa huruma. "Gitaa zuri," alisema. "Lakini mbona hakuna mtu anayeimba humu?" Kidoti, kwenye godoro, alikuwa anaufuatisha kwa mluzi.

Kaka amehamishia cherehani yake hapa. Inanguruma mchana kutwa, siwezi kurekodi hata chafya, na wateja wangu wawili wameshanikimbia. Simlaumu. Baba anataka kuwa karibu na mwanawe.

Jioni hii alisimamisha mguu kwenye kanyagio, akasema, "Dada, hiyo mashine si inasikia? Iandikie tena."

"Niandike nini? Kila neno naliogopa."

"Andika mtoto anakwenda nyumbani."

Nikakaa. Nikafikiri. Hakuna "si" ndani yake. Hakuna nisichotaka. Hata mimi nilianza kuwa na matumaini, ya kwanza kwa siku sita. Nikaandika kamili kabisa, kama ninavyoandika siku hizi: *Mtoto anakwenda nyumbani kwa baba yake. Anaishi huko, ana afya, anacheka.* Nikaweka kidole juu ya Tunga.

"Ngoja," kaka alisema.

Alikuwa amegeuka rangi. Anakitazama kitambaa alichokuwa akikishona, hanitazami mimi.

"Siku ile," alinong'ona. "Ulipoandika mama anakwenda peke yake... uliandika anakwenda wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Ukali haukuja.

"Sikuandika."

Akakikunja kile kitambaa.

"Sikuhamia hapa kwa ajili ya mtoto tu, dada," alisema. "Nilijiambia ni majonzi yananichezea. Kule nyumbani, tangu siku ile, kila jioni, kuna mtu anatandika kitanda cha Kidoti."